Migongo ya Vitabu

Kisu cha mashine kilishuka, mgongo wa kitabu ukakatika mzimamzima, ukadondoka kwenye beseni pamoja na nyuzi zake. Mama Uzi aliutazama kidogo. Nyuzi zile alizijua. Alizipaka nta yeye mwenyewe, akazipitisha tundu kwa tundu, enzi ambazo macho yake hayakuhitaji miwani.

"Haya, twende," alijiambia, kama anayemhimiza punda mlimani. Akaweka kitabu kingine chini ya kisu.

Chumba chake kilikuwa chini ya maktaba, ubavuni mwa ngazi, na dirisha lake moja lilionyesha miguu tu ya wapita njia. Humo ndimo alimopatia jina. Vitabu viliteremshwa kwake vikiwa hoi, majalada yananing'inia, kurasa zinacheza kama meno ya mtoto. Alivishona, akavipaka gundi, akavibana kwa mbao, na vikapanda tena ngazi vimesimama wima. Sasa aliambiwa avikate. Mashine ya kukatia karatasi ilikuwa chumbani kwake na aliyeizoea ni yeye peke yake, basi kazi ikamwangukia.

Mkuu wa maktaba alimweleza kwa upole. Hakuwa mtu mbaya. Mvua ikinyesha, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akipanda darini kusogeza ndoo.

"Mama, paa limetushinda. Kila masika tunapoteza rafu nzima. Tukivipiga picha na kuviweka mtandaoni, vitasomwa hata na watu ambao mlango huu hawajawahi kuuona."

"Na lazima vikatwe?"

"Mashine ya kupiga picha inameza karatasi mojamoja, tena mbiombio. Tukisema tufunue kwa mkono, wajukuu zetu watazeeka hatujamaliza."

"Basi baadaye nitavishona tena."

Mkuu alitikisa kichwa. "Havirudi, Mama. Vinakwenda kusagwa."

Mama Uzi alisema hewala. Hewala haigombi. Na sasa angesema nini? Siku chache nyuma binti yake, muuguzi huko mbali alikopelekwa na kazi, alimpigia simu sauti imejaa furaha. "Mama, nimekiona mtandaoni kile kitabu cha ndege ulichokuwa ukinisomea. Picha zote zipo. Hata wagonjwa wangu wanakisoma wodini." Mama Uzi alicheka naye, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Simu ilipokatika akabaki ameshika sindano, hajui aiweke wapi. Lingekuwa jambo baya, angeligombea. Hili lilikuwa jema, na hakuona pa kulishikia.

Mchana huo mtu alipiga hodi. Alikuwa Babu Chokaa, mwashi aliyestaafu, ambaye alijifunza kusoma uzeeni na tangu hapo hakukosekana maktaba ila kwa ugonjwa.

"Shikamoo, mzee. Siku nyingi."

"Marahaba, mwanangu. Homa ilinilaza. Leo nimeamka, nimekuja, kitabu changu sikioni rafuni. Wale wa juu wanasema kimeshuka kwako, basi nimekuja kukijulia hali."

Mama Uzi alifuta mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na uchafu. Kitabu chenyewe alikikumbuka: riwaya nene, jalada la kijani, ndugu wawili wanaogombania kisima.

"Kaa kwanza, mzee."

"Ndugu wa mgonjwa akiambiwa 'kaa kwanza'," alisema Babu Chokaa akivuta kigoda, "ajue hakuna mgonjwa tena."

Mama Uzi alimweleza yote, naye mzee akawa anatazama lile beseni. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Mdogo mtu nimemwacha ndani ya kisima," alisema mwishowe. "Kamba kaishika kaka mtu. Mke wangu, na macho yake yasiyoona tena, kila jioni hunisubiri nimwambie nilichosoma. Wiki nzima ananiuliza, je, kamvuta au kamwachia? Nami sijui."

"Kipo, mzee. Kimo humu." Mama Uzi alitoa simu yake, akatafuta mpaka jalada la kijani likajitokeza. "Hivi, unagusa, ukurasa unageuka."

Babu Chokaa alikipokea kile kioo kwa viganja viwili, akagusa. Ukurasa haukusogea. Akagusa tena, kwa kidole kingine, kisha kwa dole gumba. Vidole vyake vilikuwa vimekomazwa na saruji na mawe mpaka ncha zake zikawa kama pembe. Alikilamba kidole, kama afanyavyo kwenye karatasi, akajaribu tena.

"Hainisikii," alisema.

Mama Uzi alipanda ngazi akimuomba Mungu magunia ya kurasa za kwenda kusagwa yawe bado uani. Ua ulikuwa mtupu, umefagiliwa. Mkuu alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, kisha akashuka naye.

"Babu, nisamehe," alisema Mkuu. "Tumeomba kompyuta za kusomea. Za kubonyeza, siyo za kugusa. Zikipitishwa, wewe ndiye wa kwanza."

"Zitapitishwa lini, mwanangu?"

Mkuu alimshika mzee bega, akapanda zake juu taratibu.

Mama Uzi alizima mashine. Akavuta kiti, akaketi ubavuni mwa mzee, akaishika simu mbele ya macho yake. "Soma. Mimi nitafunua."

Babu Chokaa alisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kidole kikielea chini ya maneno bila kuyagusa. Alisoma polepole mno kwa kioo kile. Kabla hajamaliza mistari mitatu mwanga ulififia, Mama Uzi akagusa, ukarudi. Ukafifia, akagusa.

Nje, magurudumu ya toroli yaliteremka ngazi moja baada ya nyingine, yakasimama mlangoni. Mtu aligonga, akasema ameleta vingine. Mama Uzi hakuitika. Kule kisimani kaka mtu alikuwa ameizungusha kamba mkononi mara mbili, na mzee alikuwa amekwama kwenye neno refu, midomo ikilitafuta. Kioo kilianza kuwa giza, na kidole cha Mama Uzi kilikuwa juu yake, kikingoja.