Kisigino Kinachopona Njiani

Asubuhi nikishuka kitandani, kisigino kinachoma kama nimekanyaga msumari. Naenda nikishika ukuta. Nikifika kwenye karakana ya mjomba, nimepona. Nikikaa kwenye cherehani mpaka mchana, nikainuka, msumari uleule!

Nimweleze nani? Kwa utani wangu, hata nikizimia watapiga makofi.

"Unachechemea mpaka mlangoni, halafu unatembea kama bwana harusi," mjomba akasema, mkasi mkononi. "Maumivu gani hayo?"

"Hata mimi nayashangaa, mjomba."

"Yashangae mpaka Ijumaa. Ukiendelea na maigizo, kwenye cherehani yako atakaa binamu yako."

Sina kazi nyingine. Nikajiuliza: kama kukaa ndiko kunaniponza, si nisikae? Nikashona nimesimama, nimepinda kama ndoano, peku juu ya sementi. Kwa mjomba viatu vinabaki nje, maana vitambaa tunavitandaza sakafuni. Jioni nyayo zote mbili zikawaka moto. Akili ikagoma kabisa.

Nikaenda zahanati; mtaalamu wa viungo akanibonyeza chini ya kisigino. Nusura nimpige teke.

"Hapohapo," akacheka. "Kuna ukanda mgumu chini ya unyayo, toka kisiginoni mpaka vidoleni. Ukipumzika unakaza, ukisimama ghafla unavutika. Ukitembea unalegea, unadhani umepona. Unakudanganya."

"Kumbe mwigizaji ni huo!"

Akaniagiza nivute vidole vya mguu kabla ya kusimama, nibingirishe unyayo juu ya chupa ya maji baridi, nisukume ukuta mguu mmoja ukiwa nyuma, kisigino chini, nikihesabu mpaka thelathini. Peku kwenye sementi, marufuku. "Na usitegemee kesho. Ni miezi."

Nikarudi kumwonyesha mjomba namna ya kusukuma ukuta.

"Utatuangushia nyumba!" binamu akacheka.

Mjomba hakucheka. Alikuwa amekaa, jambo la ajabu, maana yeye hukata nguo amesimama kutwa. Sisi tulidhani kusimama huko ni bidii. Akainuka, akashika meza, uso ukamkunjamana.

"Mjomba, na wewe?"

"Nyamaza. Nilijua ni uzee. Kijana kama wewe uzee ungeutoa wapi?" Akachechemea mpaka ukutani, akaweka viganja kando ya vyangu. "Mguu upi unabaki nyuma?"

"Unaouma. Na cherehani yangu je?"

"Kaa nayo. Kesho tutanunua ndala nene, za humu ndani tu." Akamgeukia binamu. "Wewe unayecheka, hesabu!"