Nguzo ya Jiko la Gentrix

Samaki walikuwa watatu. Mke wangu Gentrix aliwaacha kwenye tangi la kioo sebuleni alipofariki mwezi wa tatu. Ukiniondoa mimi, ndio pekee waliobaki kati ya wote aliokuwa akiwalisha kwa mkono wake.

Miaka miwili aliniomba kipande cha gogo cha kuwawekea humo, wapate pa kujificha. Miaka miwili nilimwambia kesho. Nilikuwa mvivu tu, sina sababu nyingine.

Ningeweza kushuka mto Isiukhu nikaokota mzizi wowote. Lakini kichwa changu ni kigumu. Nilitaka mti uliomjua. Jiko lake la nje lilikuwa limeangushwa na mvua, kwa hiyo niling'oa nguzo iliyokuwa karibu na meko, nikakata sehemu iliyozikwa ardhini. Ilikuwa na vinundu na matundu mazuri.

Nilikisugua kile kipande kwa brashi bila sabuni. Nikakichemsha kwa muda wa saa tatu ndani ya sufuria yake ya kusongea ugali, obusuma. Maji yakatoka meusi, na juu yake ukaelea utando wa mafuta wenye rangi rangi. Nikajua ni mafuta ya kuku wote aliowapika pale, yaliyopanda na mvuke yakaingia mtini. Nililia juu ya ile sufuria, mzee mzima. Nikamwaga, nikachemsha tena, kisha nikakilowesha wiki tatu kwenye pipa, nikibadilisha maji ya mvua kila asubuhi, hadi kikazama chenyewe na maji yakabaki safi.

Jumapili baada ya kanisa nilikiweka tangini. Samaki wakaingia chini yake papo hapo. Kwa furaha nikampigia simu Awinja, dada yake Gentrix, aje kutoka Butere aone.

Alifika Jumanne na kukuta wote watatu wakielea, matumbo juu. Juu ya maji ulikuwepo ule utando tena, mwembamba. Awinja alichovya kidole, akanusa.

"Shemeji, huu mti ulitoa wapi?"

"Jikoni kwake. Ile nguzo ya karibu na meko."

Akanusa kidole tena. "Si ndiyo ulipaka oili chafu, ndio mchwa wasikule? Mimi ndio nilikushikia mkebe. Gentrix alikuwa anachekanga sana hiyo siku, vile ulijipaka mpaka kwa shati."

Nikakumbuka. Ulikuwa mwaka tuliooana. Niliitoa ile oili ya magari gereji, nikapaka mara tatu, nikamwambia Gentrix nguzo hii hailiwi na kitu hadi tuzeeke.

Awinja alileta kichujio cha chai ili awatoe. Nikamwomba angoje. Nilifungua mkebe wa chakula chao, nikanyunyiza kidogo juu ya maji kama Gentrix alivyofanya kila siku, nikasimama hapo nikiwangoja.