Mkono wa Mama Mkubwa

Maji yalinifika kwenye kiwiko na bado nilikuwa nakiona kiganja changu. Kilikuwa kule chini, cha kijani kama kila kitu kingine ndani ya bwawa, lakini kinaonekana, vidole vyote vitano. Nilifurahi kama mtu aliyefaulu mtihani. Nikachota ndoo ya samadi ya kuku, nikaimwaga pembeni mwa bwawa, nikaenda zangu kunywa chai. Ilikuwa siku ya nane tangu Mama Mkubwa aondoke.

Kipimo hicho alinifundisha yeye. Unapiga magoti ukingoni jua likishapanda, unatumbukiza mkono mpaka kiwiko. Ukikiona kiganja, maji ni mepesi, ongeza samadi, maana samadi ndiyo inayootesha ule ukijani wanaoula samaki. Usipokiona, maji yameshiba, yaache. Kwa sheria hiyo moja alifuga samaki miaka ishirini na akasomesha watoto watano. Wanne walikuwa wa kuwazaa. Wa tano ni mimi.

Nilifika kwake nikiwa na miaka saba, siku ya tatu baada ya kumzika mama yangu, mdogo wake. Waliniketisha kwenye kiti cha sebuleni, miguu yangu ikiwa haigusi sakafu, na kutoka chumba cha pili nikamsikia Mjomba akisema nyumba imejaa. Vitanda viwili, watoto wanne, huyu naye atalala wapi, juu ya kabati? Jibu la dada yake, Mama Mkubwa, sikulisikia, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza kupiga bati. Usiku ule nililala miguuni pa binti yake mkubwa, na nikaendelea kulala hapo miaka sita.

Hakuna aliyenisema wala kunitenga katika nyumba ile. Lakini neno la Mjomba lilikuwa limeshaniingia, nami nikajifunza kuishi kwa kujibana. Nilikula haraka, nilioga wa mwisho, sikuomba kitu. Mwili wenyewe nao ukagoma kurefuka, wenzangu wakanipa jina la Kibiriti. Mama Mkubwa, mwanamke aliyelazimika kuinama katika kila mlango wa nyumba yake, alilipenda jina hilo kupita kiasi. Alikuwa akisimama uani na kuliita kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Mwaka niliotimiza kumi na tisa alikuja mpishi mkuu wa shule ya bweni, mteja wetu wa siku nyingi. Wanafunzi wameongezeka, akasema, anataka samaki mia moja zaidi kila muhula. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la vikombe, nikiwa na hakika kwamba Mama Mkubwa atakubali kabla chai haijapoa. Akakataa.

"Bwawa hili ni la samaki mia sita," alimwambia. "Wa mia sita na moja atavuta hewa ya wenzake."

Mpishi alicheka. Mimi nilihisi nimetajwa jina mbele ya mgeni.

Wiki hiyohiyo binti yake mkubwa alijifungua mapacha mjini, na Mama Mkubwa akafunga safari kwenda kumsaidia. Bwawa akaniachia mimi, si wanawe. Sijui kama ninaweza kueleza nilivyojisikia. Nilitaka akirudi akute jambo la kumfanya aseme kwamba hakupata hasara kunipokea. Idadi ya samaki nisingeweza kuiongeza, basi nikaamua kuongeza uzito wao, mpishi apate nyama zaidi katika samaki walewale. Sikuvunja sheria hata moja. Kila asubuhi nilipima, kila asubuhi nilikiona kiganja, na kila asubuhi nilimwaga ndoo.

Siku ya tisa mawingu yalifunga. Ya kumi hivyohivyo, na ya kumi na moja. Alfajiri ya siku ya kumi na mbili niliamshwa na sauti nisiyoijua, kama watu wengi wanaobusu hewa. Nilitoka na kanga tu. Uso wote wa bwawa ulikuwa midomo. Samaki walikuwa wamepanda juu, wameachama, wanatafuta pumzi.

Baadaye nilikuja kusoma sababu yake. Ule ukijani hutoa hewa safi mchana kukiwa na jua, na usiku huivuta yenyewe. Ukizidi, na jua likakosekana, unaimaliza yote, na wanaobaki bila kitu ni samaki. Asubuhi ile sikujua hayo. Nilifungulia mfereji wa maji mapya, nikaingia bwawani mpaka kifuani, nikayapiga maji kwa beseni mpaka mikono ikafa ganzi, nikilia na kuwaomba radhi. Jua lilipotoka niliokota waliokufa. Mia tatu na kumi na mmoja.

Nikampigia simu Mama Mkubwa, kisha nikafungasha. Nguo zangu zote zilienea katika begi moja, kwa kuwa nilikuwa nimejitahidi miaka kumi na miwili nisiwe na vitu vingi.

Alifika saa nane mchana. Hakuniamkua, hakuingia ndani, alikwenda moja kwa moja bwawani na kutumbukiza mkono. Kiganja kilipotea kabla maji hayajafika kiwikoni. Akaniita, akaniambia nimwonyeshe nilivyokuwa nikipima. Nikapiga magoti, nikatumbukiza mkono mpaka kiwiko. Kwa mbali, hafifu, niliviona vidole vyangu.

Mama Mkubwa aliutazama mkono wangu ndani ya maji kwa muda mrefu. Halafu akauvuta nje, akaulaza juu ya wake, kiwiko kwa kiwiko. Vidole vyangu viliishia pale vidole vyake vinapoanzia.

"Haya, Kibiriti," alisema taratibu. "Kosa langu. Nilikufundisha kwa mkono wangu."

Angenipiga, ningevumilia. Kwa maneno yale nilishindwa. Nilimwambia begi liko tayari, nitaondoka jioni. Nikamwambia nililolibeba tangu nikiwa na miaka saba, kwamba nyumba yake ilikuwa imejaa siku niliyoingia, Mjomba alisema, na sasa nimemwulia nusu ya bwawa juu ya hayo.

Aliuachia mkono wangu, akaketi palepale kwenye tope.

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Mjomba wako naye alipima kwa mkono wake," alisema. "Mbona hukuniuliza mimi?"

Alichomoa uzi kwenye pindo la kanga yake, akaufunga mkononi mwangu, vidole vinne juu ya kiwiko. Tangu siku hiyo kipimo changu kikawa mpaka hapo. Kisha akaniambia nikatoe nguo kwenye begi zisije zikajikunja, halafu nije na majembe mawili, tuna shimo la kuchimba. Tulichimba mpaka jioni, tukawafukia samaki, na kwa muhula mzima shule ilikula maharage.

Ni miaka mingi sasa. Mama Mkubwa hayupo, bwawa ni langu, bado ni la samaki mia sita. Kipimo cha kisasa ninacho, kijisahani cheupe chenye kamba, kinaning'inia nyuma ya mlango. Asubuhi hukiacha hapo, nikapiga magoti ukingoni na kuzamisha mkono, kupita kiwiko, mpaka mahali pa ule uzi. Uzi wenyewe ulioza zamani. Lakini magauni yangu yote, mkono wa kulia, yamechujuka rangi hadi hapo.