Tulipu Iliyopasuka Rangi

Mume wangu Wilf aliipanda mbegu ya ile tulipu mwanetu Desmond akiwa bado anasoma. Mtoto akamaliza shule, akaenda Uholanzi kikazi, akaoa, akarudi na mke, na tulipu bado ilikuwa ya rangi moja. Zambarau iliyokolea, basi. Kila mwezi wa Mei Wilf alipiga goti mbele yake, akaitazama, kisha akaingia jikoni na kuniambia, "Bado." Mimi namwekea chai. Wivu nilikuwa nao, sina haja ya kuficha. Mimi nilipigiwa goti siku moja tu.

Kwa wanachama wa chama cha tulipu hapa Yorkshire, ua la rangi moja ni la kungojewa. Wanangoja lipasuke, yaani mwaka mmoja liamke rangi yake imechanika na weupe wa chini umetokeza. Kinachofanya hivyo ni ugonjwa unaoletwa na vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani, na ukishaingia kwenye kitunguu cha tulipu, lile shina lake la ardhini, hautoki tena. Kuulazimisha huwezi. Unapanda zilizopasuka karibu na zile nzima, kisha unawaombea vidukari afya njema, kama alivyofanya Wilf miaka yote hiyo. Na ni siku inapopasuka tu ndipo mwenye mbegu huipa jina. Wilf alikuwa anakaribia miaka themanini na hajawahi kutoa jina hata moja.

Masika yale goti likamshinda, akalazwa hospitali afanyiwe operesheni. Kabla ya kuondoka alimwambia Geertje, mkwe wetu, "Vitanda vyangu vya tulipu nakuachia wewe, mwanangu. Vitunze kama mnavyovitunza kwenu."

Alidhani amesema jambo la busara. Geertje amezaliwa kwenye mashamba ya tulipu. Baba yake huuza vitunguu vyake kwa malori. Kule kwao mtoto akianza tu kutembea kati ya mistari anafundishwa jambo moja: ukiona tulipu yenye michirizi, ing'oe, kaichome, isije ikaambukiza shamba zima. Hilo sote tulilijua, na hakuna aliyelikumbuka.

Mimi nilikuwa nalala kwa dada yangu, karibu na hospitali. Asubuhi moja nikiwa wodini kwa Wilf akatokea Cyril, jirani yetu na mwanachama mwenzake Wilf, kofia mkononi, anahema.

"Wilf, imepasuka."

"Ipi?"

"Unajua ipi. Nimechungulia juu ya ukuta. Ina michirizi kama unyoya, myembamba, pembeni tu."

Wilf akageuza uso ukutani. Nilimwacha alie, maana mimi mwenyewe nilikuwa karibu kulia, na sikujua kwa nini. Ua tu.

Kesho yake tukamrudisha nyumbani. Hakuingia ndani. Alipita moja kwa moja bustanini kwa magongo yake, mimi nyuma namfokea aangalie anapokanyaga, mpaka akasimama. Mahali pa ile tulipu palikuwa na shimo, limesawazishwa vizuri kingo zote.

Geertje alitoka jikoni anajifuta mikono. "Nimeiondoa, baba. Ilishaugua."

Nilitaka kumrarua. Maneno yote niliyoyaweka tangu arusi yalinijia mdomoni kwa pamoja. Wilf akaniwekea mkono begani, akauliza taratibu, "Umeichoma?"

Binti akawa mwekundu hadi masikioni. Akainamisha kichwa.

"Nisamehe, baba. Najua ilinipasa kuichoma. Nilifika nayo hadi jikoni, nikashindwa. Nimeificha stoo. Kesho nitaichoma, nakuahidi. Usimwambie baba yangu."

Kisha Wilf akasema, "Ilete, mwanangu."

Aliileta ndani ya ndoo ya mchanga mbichi, na kitunguu chake, mizizi yake na majani yake, ua limejifunga kwa baridi ya stoo. Tukaiweka kwenye meza ya bustani, juani. Joto likaifikia, na ua likaanza kufunguka mbele ya macho yetu, polepole, jani baada ya jani.

Majani ya ua yalikuwa sita, matatu ya nje na matatu ya ndani, yote upana mmoja. Ndani kabisa palikuwa peupe, safi kama sahani iliyooshwa. Vijiti sita vya chavua vilisimama vyeusi. Na pembeni mwa kila jani ile zambarau ya zamani ilikuwa imejikusanya ikawa nyuzi nyembamba, zimechanwa kuelekea ndani, na zote sita zimelingana. Nani alizilinganisha? Mdudu asiyefika ukubwa wa punje ya mchele alikula mahali, akaondoka. Nikakaa niitazame, mimi niliyeyacheka maua haya maisha yangu yote.

"Nimeng'oa maelfu," alisema Geertje, sauti imemkauka. "Sijawahi kuona hata moja ikifunguka."

"Kaa basi uione," Wilf akamwambia, akamsogezea kiti chake mwenyewe.

Cyril alikuja na chupa tupu ya bia, maana hapa tulipu hushindanishwa ndani ya chupa za bia na hakuna anayecheka. "Tuikate, Wilf. Jumamosi kwenye mashindano hakuna wa kukugusa."

"Imeshasumbuliwa vya kutosha," alisema Wilf. "Inarudi ardhini. Na atakayeirudisha ni Geertje."

Hatukujua kama itapona. Kitunguu kilichong'olewa kikiwa na ua aghalabu huoza. Majira yote ya baridi Wilf hakuitaja tulipu yake, nami nikajua ndiyo anayoiwaza.

Mei iliyofuata ilitoka, fupi, ua dogo kama yai, na nyuzi zake zote sita mahali pake. Chama kiliandika jina alilolitoa Wilf: Mkono wa Geertje. Goti lake halikunjiki tena, kwa hiyo yeye hukaa kwenye kiti, na anayepiga goti mbele ya ua ni mkwe wangu. Nikiwa dirishani nilimwona ameinama karibu kabisa, mikono ameifungia nyuma ya mgongo kama mfungwa.

"Mbona hivyo, mwanangu?" nikamuuliza.

Hakugeuka. "Mikono hii bado siiamini, mama."