Njaa Iliyopewa Chumba

Jumanne jioni fundi wa friji alikuwa anajisugua grisi mikononi kwa sabuni ya unga, na mkewe anapakua wali na maharage, mara mlango ukagongwa. Mke akaenda kufungua, upawa bado mkononi. Mlangoni ilisimama njaa ya mama mkwe wake.

Haikuhitaji kujitambulisha. Ilikuwa na kimo cha mama, bega la kushoto limeshuka kwa miaka ya kuinamia cherehani, na ilivaa gauni la kijivu wanalovalishwa wote kule kwenye makao ya wazee alikopelekwa mama. Ila mahali pa tumbo palikuwa wazi. Kupitia hapo mke aliona ngazi za jengo na ndoo ya jirani.

"Karibu," akasema. "Una bahati, ndiyo kwanza napakua."

Njaa ikavua kandambili, ikaketi. Ilikula chakula chake taratibu, kwa adabu, bila kuangusha hata punje. Ilipomaliza ikakigeuza kijiko, ikakilaza kifudifudi juu ya sahani.

Hapo fundi akaacha kutafuna. Mama yake alikuwa mtu wa masharti, na sharti la kwanza nyumbani mwake lilikuwa kwamba chakula cha mkono wa mtu hakitolewi kasoro, na nyongeza haiombwi kwa mdomo. Mtoto ambaye hakushiba alilaza kijiko kifudifudi, mama akamwongeza, na wageni waliokuwepo hawakujua kinachoendelea. Mama alikwenda makaoni na adabu yake hiyo hiyo. Wahudumu wakiona kijiko kimelala kifudifudi walisema bibi kashiba, wakaondoa sahani. Asubuhi uji mwepesi, mchana maji ya kabichi, jioni mkate uliokauka pembe. Bibi kashiba.

Wahudumu tuwaachie, hawakujua. Fundi alijua. Kila Jumapili aliyokwenda kumwona alikikuta kijiko kimelala kifudifudi, akageukia dirishani na kuuliza habari za miguu.

Alijua na mengine. Friji kubwa la jikoni kule alilitengeneza yeye, na aliona kilichomo. Mlikuwa na kuku wa wakaguzi. Siku wakaguzi wakija, kuku hao walitolewa, wakapashwa moto, wakapangwa mezani mbele ya wazee. Wakaguzi wakishaondoka walirudishwa kwenye barafu wakiwa wazima, maana walikuwa na ziara nyingine mbele yao. Mmoja alikuwa amekwishaota ndevu za barafu. Fundi alimsogeza pembeni ili afikie waya, akafunga skrubu zake. Msimamizi wa makao, ambaye wote walimwita Mama Usafi kwa jinsi sakafu zake zilivyong'aa, alimsifu mbele ya watu na kumpa mafriji yote ya pale ayaangalie yeye peke yake. Mtu akipata mteja kama huyo hamuulizi habari za kuku.

"Iongeze," fundi akamwambia mkewe, akionyesha kijiko. Mke akaongeza.

Njaa ikaja tena Jumatano, na Alhamisi, na siku zote zilizofuata. Jirani aliiamkia ngazini, nayo ikainamisha kichwa. "Mmefanya la maana kuipokea," alimwambia mke. "Watu wa siku hizi wangeifungia mlango."

Mke ndiye aliyeona si vizuri irudi kwa miguu gizani kila siku. Barabara ya kule haina taa. Chumba cha mama kilikuwepo, kimejaa kompresa mbovu na milango ya friji. Mama alipopelekwa makaoni aliambiwa paa la chumba chake linavuja, akae kule wiki mbili tu mafundi walizibe. Paa halikuwa limevuja tangu lijengwe. Fundi akahamishia vyuma vyake barazani, kazi ya mchana mmoja, akatandika kitanda.

"Hii haina shida," mke alisema, akiitazama imejikunja chini ya blanketi. "Haikojoi kitandani. Haikuulizi jambo moja mara tano."

Jumapili fundi alikwenda makaoni. Shuka la mama lilikuwa bichi tangu alfajiri. Kengele ya kuitia wahudumu ilikuwa imekatwa waya, kwa kuwa wazee walikuwa wanaipiga. Uji wake ulikuwa umeganda juu ya kabati, mbali na mkono, na kijiko kimesimama ndani yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ilifika?"

"Ilifika. Inakula vizuri."

"Na inalala wapi?"

"Chumbani kwako."

Mama akatazama dari. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba godoro halikubonyea.

"Paa halivuji tena?"

"Halivuji."

"Haya. Mimi sikuituma ikakae, mwanangu. Niliituma ikakuite."

Fundi akaona aibu, aibu ya kweli, ikampanda hadi masikioni. Aliangalia sakafu, nayo ilikuwa safi.

"Kama huji kunichukua, basi nirudishie," mama akasema. "Tangu iondoke sitamani kitu. Nikikaa hivi nitakwisha. Ile ni yangu, na ndiyo pekee niliyobaki nayo."

"Nitaileta, mama. Jumapili ijayo nakuja nayo."

Mama Usafi akachungulia mlangoni. "Fundi, afadhali umekuja! Lile friji linanguruma tena, na kesho nina wakaguzi."

Fundi akamfunika mama yake shuka lile lile bichi, akaenda jikoni. Lilikuwa jambo dogo, feni imeganda. Akalimaliza, akanawa mikono, akatokea mlango wa nyuma.

Alipofika nyumbani mezani palikuwa pamekwishaandaliwa. Njaa ilikuwa kwenye kiti chake, inakula samaki wa kukaanga, mgongo umenyooka na nywele zimechanwa. Mke alikuwa ameishonea gauni la maua.

"Mama hajambo?" akauliza.

"Hajambo. Anakusalimu."

"Na hii? Hakuiulizia?"

Fundi akavuta kiti.

"Kaiulizia," akasema. "Kasema ikae tu."

Njaa ikaacha kula. Ikamtazama usoni, macho yale yale ya mama, mpaka yeye akainama. Kisha ikaendelea kula, maana ilikuwa njaa, na samaki alikuwa bado wa moto.