Maji Yanatosha

Hilaria alikuwa mtaalamu wa usingizi katika hospitali moja ya vilima vya Mbulu, na asubuhi ile ukungu ulikuwa umeziba madirisha ya chumba cha upasuaji. Mezani alilala Agatha, mama wa makamo kutoka Jorodom, chini ya mlima, utumbo umejisokota. Daktari Evarist alikuwa ameshamfungua tumbo.

Kidoleni Agatha alikuwa amebanwa kifaa kidogo kinachosoma mwendo wa damu bila kutoboa ngozi. Kila mashine ilipompumulisha, wimbi kwenye skrini lilinywea, kisha likajaa. Mwili ulikuwa umekaukiwa maji. Hilaria akafungua dripu, wimbi likatulia, presha ikapanda.

Baadaye presha ikaanguka tena.

"Ongeza maji," alisema Evarist.

"Ngoja nimpime kwanza, daktari. Toa mikono kidogo."

Ukimwinua miguu mgonjwa, damu ya miguuni hurudi moyoni; presha ikipanda, ujue maji yatamsaidia. Hilaria akapitisha mikono chini ya shuka, akajikaza kwa uzito. Miguu ikaja juu kirahisi, kana kwamba kuna mtu ameshika upande wa pili. Ilikuwa ya baridi, imelowa kama ya mtu aliyetoka mtoni.

Upande wa pili hapakuwa na mtu. Glavu zake zilikuwa kavu.

Hilaria hakuyatoa macho kwenye skrini. Wimbi halikubadilika. Presha haikupanda.

"Maji yanatosha," alisema, na sauti ikamtoka kama si yake. Alifunga dripu, akampa dawa ya kubana mishipa. Polepole presha ikarudi, Evarist akamaliza kushona.

Mchana Agatha alifumbua macho wodini. Mumewe, mzee Margwe, alikuwa kando ya kitanda.

"Shikamoo mama," alisema Hilaria. "Unajisikiaje?"

"Marahaba, mwanangu. Lucia ameenda wapi?"

"Lucia yupi, mama?"

"Mdogo wangu. Si mlikuwa naye? Wewe ulishika mguu huu, yeye huu. Ana matope mpaka kiunoni, maskini. Akakwambia maji yanatosha."

Hilaria alirekebisha blanketi, akatoka. Margwe akamfuata hadi koridoni.

"Lucia alichukuliwa na matope, mlima ulipoporomoka," alisema kwa sauti ya chini. "Tulichimba, tukachimba. Hatujampata mpaka leo."

"Pole sana, baba."

Mzee akamsogelea.

"Hakusema yuko wapi?"

"Hapana, baba," alijibu Hilaria. "Hakusema."