Waya wa Kiti cha Mwalimu Volti

Kiti cha magurudumu kilizima katikati ya barabara, juu kabisa ya ile mistari myeupe ya waendao kwa miguu, saa moja na robo asubuhi, wakati kila mwenye gari amechelewa kazini. Mwalimu Volti alisukuma kijiti cha kuongozea mbele. Kimya. Akakivuta nyuma. Kimya. Taa ndogo nyekundu kwenye mkono wa kiti ikamkonyeza mara saba, ikapumzika, ikamkonyeza tena mara saba. Lori likapiga honi. Dereva wa teksi akatoa kichwa dirishani na kuuliza, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, ni nani aliyemwacha huyu mama barabarani.

"Hakuna aliyeniacha," alijibu Mwalimu. "Naenda kazini kama wewe. Shuka unisukume."

Dereva akashuka, akiona haya. Ilibidi aongezeke mtu wa pili, maana kiti cha umeme kikishakufa kina uzito wa mifuko ya saruji, bila kumhesabu mwenyewe aliyekikalia.

Jina la Volti alipewa na wanafunzi. Alikuwa akifundisha fizikia mwaka wa kumi na nane sasa, na mtu akikosea swali la umeme, Mwalimu alimtazama mpaka mtu huyo akajihisi kapigwa shoti. Miguu yake ilipooza akiwa na miaka minne, kwa polio. Alitembea kwa magongo hadi mabega yalipokataa, ndipo akakopa kwenye chama cha akiba cha walimu akanunua kiti hicho. Deni alilimaliza mwaka jana, na mfukoni hakukubaki kitu cha kujivunia.

Alimpigia simu wifi yake, mke wa kaka yake, ambaye walikaa naye ua mmoja. Wifi alikuja na pikapu ya kukodi na kanga mbili za kufungia kiti kisicheze. Wakaenda moja kwa moja kwa wakala aliyekiuza.

Duka la wakala lilikuwa na sakafu ya kung'aa na picha za wazee wanaocheka wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Mlangoni palikuwa na ngazi tatu.

"Wifi, hebu nisaidie kuhesabu," alisema Mwalimu. "Nimeona vibaya au ni tatu kweli?"

"Ni tatu."

"Wanauza viti vya magurudumu, na mlango wanaweka ngazi. Sawa. Tuanze hapo."

Walibebwa, yeye na kiti chake, na walinzi wawili. Meneja alikuja, mtu wa tai nyembamba na marashi mengi, akasimama mbele yao na kumwuliza wifi: "Ana shida gani?"

"Nani?" aliuliza wifi.

"Huyu. Kiti chake kina muda gani?"

"Muulize mwenyewe. Mdomo anao, tena usimchokoze."

Meneja akacheka kidogo, lakini macho hayakushuka kwa Mwalimu. Alimwita fundi. Fundi, mtu mpole asiyesema sana, alichomoa waya uliotoka kwenye kijiti cha kuongozea kwenda kwenye kisanduku cha umeme chini ya kiti, waya wa urefu wa mkono mmoja tu. Akachukua waya kama huo kutoka kwenye kiti cha maonyesho, akauchomeka. Taa ikawa ya kijani. Mwalimu akasukuma kijiti, na kiti kikatembea. Kilikwenda hatua mbili kwenye ile sakafu ya kung'aa, na Mwalimu akahisi damu inarudi mwilini.

"Basi ni waya tu," alisema. "Nauziwa bei gani?"

Fundi akamtazama meneja. Meneja akamwambia wifi: "Waya peke yake hatuuzi. Unakuja na kijiti chake na kisanduku chake. Seti nzima."

"Bei?"

Akaitaja. Ilikuwa mishahara miwili na nusu ya mwalimu wa sekondari. Na seti yenyewe ingefika baada ya wiki sita.

"Nisikilize," alisema Mwalimu, na sauti yake ikashuka chini, jambo ambalo wanafunzi wake wangeliogopa. "Kijiti changu kizima. Kisanduku kizima. Umeona kwa macho yako. Kilichokatika ni waya. Ufungueni, muone ulipokatikia, muunge."

"Hairuhusiwi."

"Na nani?"

"Ni utaratibu wa kampuni."

"Huyo Utaratibu anakaa chumba gani? Nipelekeni nikamwone."

Meneja hakucheka safari hii. Fundi aliinama, akachomoa ule waya mzima na kuurudishia ule uliokufa, polepole, kama mtu anayemvua mwenzake viatu kwa lazima. Taa nyekundu ikaanza tena kukonyeza. Kisha ikaletwa risiti ya ada ya ukaguzi, nayo ililipwa papo hapo. Juu yake palikuwa pameandikwa: Jina la mgonjwa.

"Mimi si mgonjwa," alisema Mwalimu. "Mimi ni mteja. Futa."

"Fomu ndivyo ilivyochapwa, mama."

"Kalamu unayo mkononi. Futa."

Akafuta.

Nyumbani, kaka yake alisikiliza habari zote akiwa ameshika kichwa. Akasema wachange, wakope, wauze friji. Mwalimu akakataa katakata. "Siuzi friji kwa ajili ya waya mfupi kuliko mkono wangu. Wangeniambia mota imeungua, ningekopa. Lakini waya! Huo ni wizi wenye tai."

Siku zikaanza kwenda. Alikaa kwenye kiti cha plastiki sebuleni, akisogezwa na wifi kutoka dirishani hadi mezani, kutoka mezani hadi chooni. Wifi hakulalamika hata mara moja, na hilo lilimuuma Mwalimu zaidi. Alisahihisha madaftari yote aliyokuwa nayo, kisha akayasahihisha tena. Siku ya nne mwalimu mkuu akapiga simu.

"Mwalimu, pole sana. Pumzika, usijali kitu. Kidato cha nne nimempa mwalimu wa jiografia ashike fizikia."

"Kwa siku hizi chache?"

"Aa, moja kwa moja. Tumelizungumza na wenzako. Ukirudi tutakuweka maktaba, ni karibu na geti, hutahangaika kuvuka uwanja kwenda maabara. Kazi nyepesi."

"Nani ameomba kazi nyepesi?"

"Ni kwa faida yako, Mwalimu."

"Mwalimu mkuu, mtihani wa taifa umebaki miezi miwili. Huyo wa jiografia ni mtu mzuri, lakini umeme anaujua kwa kulipa bili tu."

"Tunakuonea huruma, ndiyo maana," alisema mwalimu mkuu, na akakata simu kwa upole, kama mtu aliyefunika mtoto blanketi.

Mwalimu Volti alibaki ameshika simu sikioni. Miaka kumi na minane! Hakuwahi kuchelewa hata siku za mvua, wakati magurudumu yanajaa tope na inambidi ayakwangue kwa kipande cha mti getini. Na sasa waya umekatika, na watu wazima wameketi ofisini wakakubaliana kwamba kilichokatika ni akili yake.

"Wifi!" aliita. "Yule mama aliyetengeneza taa za gari la kaka anaitwa nani?"

"Mama Betri? Yule ni wa magari."

"Umeme hauulizi umepanda nini."

Siku hiyo kaka alikuwa na zamu ya kazi, kwa hiyo wakamsubiri. Jumamosi asubuhi alikitia kiti kwenye pikapu ya jirani, wakaenda wote watatu.

Karakana ya Mama Betri ilikuwa banda la mabati kwenye kona, na betri za magari zimepangwa ukutani kama vitabu. Mwenyewe alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, mikono myeusi hadi viwikoni. Alipoona pikapu inasimama alifuta mikono, akapita mbele ya kaka, akampita wifi, akasimama mbele ya Mwalimu.

"Karibu, dada. Kinaumwa wapi?"

Mwalimu akamwonyesha kwa kidole. "Waya huu. Wameniambia lazima ninunue seti nzima."

"Jino likioza, hawang'oi kichwa," alisema Mama Betri. "Leta nione."

Akaushika waya kwa vidole viwili na kuanza kuupapasa taratibu, huku amefumba macho, kama mshonaji anayetafuta sindano iliyopotelea kwenye pindo. Karibu na bawaba ya mkono wa kiti, pale mkono unaponyanyuliwa kila Mwalimu anapokaa au kushuka, vidole vikasimama.

"Hapa. Pamelegea. Kila siku unapakunja, kila siku panachoka."

"Toa betri kwanza kabla hujakata," alisema Mwalimu.

"Dada, mimi nilianza kutoa betri kabla wanafunzi wako hawajazaliwa." Lakini alikuwa tayari ameshaitoa.

Alichana gamba la nje kwa wembe. Ndani zilikuwamo nyaya nne ndogo, mbili nene na mbili nyembamba. Shaba ilikuwa imeota ukungu wa kijani. Moja nyembamba ilikuwa imekatika kabisa. Nene moja ilining'inia kwa uzi mmoja. Wote wanne waliinama kutazama. Ndiyo iliyotakiwa kumgharimu Mwalimu mishahara miwili na nusu, hiyo.

Kuunga palepale kusingefaa, alisema Mama Betri, maana bawaba ingeuvunja tena kabla ya mwezi kwisha. Akakata sehemu yote mbovu na kwenda nyuma ya banda kupekua. Alirudi na kipande cha waya wa taa za tela, laini, chenye gamba la mpira, nacho ndani kina nyaya nne. Akawasha pasi ya kulehemu. Aliunga moja baada ya nyingine, kila kiungo akikivika mpira mdogo unaonywea ukipashwa moto, na viungo vyote akavipanga pasipokunjika. Kazi ilichukua saa nzima. Akarudisha betri.

"Washa."

Mwalimu akawasha. Taa nyekundu ikakonyeza. Mara saba.

Kaka akageuza uso kuelekea barabarani. Hasira zote za wiki ile zikampanda Mwalimu hadi machoni, akawa karibu kulia mbele za watu. Badala yake akafikiri, kwa kuwa ndiyo kazi yake.

"Subiri," alisema. "Taa inawaka. Maana yake umeme unafika, zile nene ni salama. Kisichofika ni habari. Kijiti kinasema, kisanduku hakielewi. Zile nyembamba mbili umezigeuza."

"Sijageuza. Nyeupe nimeunga na nyeupe."

"Hiyo si nyeupe. Ni njano iliyofubaa."

"Dada, macho yangu..."

"Pima."

Mama Betri alichukua kipima umeme, akagusa huku, akagusa kule. Mlio haukusikika. Akahamisha ncha upande wa pili. Pii. Akashusha miwani na kumtazama Mwalimu juu ya fremu.

"Nimekosa, nimekubali. Usinitoboe na hayo macho."

Dakika kumi baadaye taa ikawa ya kijani. Kiti kilisogea mbele, kikarudi nyuma, kikazunguka upande huu na upande ule, na Mwalimu akatoka nacho bandani hadi barabarani na kurudi, peke yake, bila mkono wa mtu mgongoni.

Mama Betri hakutaka kulipwa; alisema hajawahi kutengeneza kiti, amejifunza. "Taja bei," alisema Mwalimu. "Wiki hii nimehurumiwa vya kutosha." Ikatajwa bei ya kilo mbili za sukari.

Jumatatu alivuka ile mistari myeupe na kufika shuleni kabla ya kengele. Hakupita ofisini. Alivuka uwanja hadi maabara, ambako mwalimu wa jiografia alikuwa amesimama mbele ya ubao akitazama saketi aliyoichora mwenyewe, yenye betri iliyoungwa na hewa. Alipomwona mlangoni alimkabidhi chaki kwa mikono miwili.

"Mungu akubariki," alinong'ona, na akatoka haraka.

Kipindi hakijafika mbali, mwalimu mkuu akatokea mlangoni. "Mwalimu! Kumbe umepona!"

"Sikuwa naumwa. Waya ulikatika."

"Vizuri, vizuri. Ila ratiba imeshachapwa, na maktaba..."

Mwalimu Volti akageuza kiti kikamwelekea. Wanafunzi arobaini waliacha kuandika.

"Mwalimu mkuu, mwaka jana gari lako lilikaa gereji wiki tatu. Ulikuja kwa miguu, ulikuja kwa lifti, siku nyingine hukuja kabisa. Nani alikaa na wenzako akakupokonya ofisi? Nani alikuhamishia maktaba kwa faida yako?"

Mwalimu mkuu akatazama wanafunzi, akatazama sakafu. "Tutazungumza ofisini."

"Saa nne. Nikimaliza kipindi."

Saa nne alikwenda. Mwalimu mkuu alikuwa ameandika ratiba mpya kwa mkono, fizikia ya kidato cha nne imerudi kwake, na pembeni kwa herufi ndogo: kwa majaribio.

"Majaribio ya nini?"

"Ni neno tu, Mwalimu. Kuona kama kiti kitahimili."

"Basi andika na gari lako, kwa majaribio."

Alikaa pale mezani, mikono mapajani, mpaka mwalimu mkuu alipochukua karatasi nyingine na kuanza upya. Ilibandikwa saa sita, na lile neno halikuwemo. Lakini vipindi tisa vya kidato cha nne vilikwisha kupotea, na hakuna aliyejitolea kuvirudisha. Alivifidia mwenyewe, kila jioni baada ya kengele ya mwisho, hadi wiki ya mtihani, akiwa bado amekasirika.